Kila Mtu na Saa Yake

Kwanza niseme hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Newala wakianza kusimulia habari hii hutanguliza kicheko, na kicheko kikitangulia, hata hesabu sahihi inaonekana upuuzi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kuchekwa kabla sijamaliza kueleza kumenikera tangu siku ile mpaka leo. Maji yalitoka, watu walichota, hakuna mama aliyepoteza asubuhi yake. Kilichoharibika ni posa yangu, na posa haikuwemo kwenye hesabu.

Nilipangiwa Newala nikiwa kijana, afisa mipango wa ngazi ya chini kabisa, mwenyeji wa Singida, nina shahada ya uchumi niliyokuwa nimeipata juzijuzi tu. Wenzangu waliniambia kusini ni joto tupu, nikaja na koti moja kwa ajili ya heshima. Koti hilo lilinifaa kuliko shahada. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu wa kule juu unaingia mpaka chumbani, na mtu mzima unalala na soksi bila aibu. Watu waliniita Bwana Mipango, kama walivyomwita mwenzangu Bwana Afya na yule mwingine Bwana Shamba, nikazoea haraka. Nilizoea korosho za kuchoma, nikazoea ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kumenywa taratibu watu wakipiga soga. Kabla mwaka haujaisha nikampenda mwalimu.

Alikuwa anafundisha shule ya msingi ya kijiji cha kwao, nje kidogo ya mji. Alikuja ofisini kudai madawati, nikamweleza kwa utulivu kwamba shule yake iko juu ya wastani wa wilaya. Akaniuliza huo wastani una miguu mingapi, maana watoto wake wanakaa chini. Ofisi nzima ilicheka. Nilikasirika mpaka saa ya chakula, na baada ya chakula nikagundua kwamba nilichokuwa nacho hakikuwa hasira. Yaliyofuata sitayaeleza, yanafanana na ya watu wengine wote. Itoshe kusema yeye alikubali, na alikubali kwa maneno yanayosikika.

Kwetu ningekwenda kwa baba yake, mambo yakaisha. Nikaenda kwa baba yake. Mzee alinipokea vizuri, akanikaribisha chai, akasikiliza hotuba yangu yote, kisha akaniambia kwa upole kwamba nimebisha mlango wa jirani. Yeye ni baba tu. Huku kwetu, alisema, mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba wake. Nikamaliza chai, nikaaga, nikaenda kwa mjomba.

Mjomba alikuwa mkulima wa korosho, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache kiasi kwamba ukimsalimia unajiona umemsumbua. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nikasema yangu yote nikiwa nimekaa juu ya mfuniko wa kisima chake cha kukingia maji ya mvua. Alipoona nimenyamaza akasema, "Nimesikia." Nilirudi mjini nikipiga mluzi. Mwalimu ndiye aliyenieleza kwamba mjomba akisema amesikia, maana yake amesikia.

Nikiwa nangoja jibu nikampelekea mama yake mwalimu zawadi, tochi ya sola. Nilimweleza vizuri namna itakavyompunguzia gharama za mafuta ya taa na betri. Alishukuru, akaiweka dirishani. Niliona ni zawadi yenye akili.

Sasa nieleze habari ya bomba. Juu ya uwanda huu wa Wamakonde hakuna mto. Maji yako chini bondeni, yanasukumwa kwa mashine mpaka juu, na kijiji kile yalikuwa yanakifikia kwa mgawo. Masika kila nyumba inakinga maji ya bati, inajaza kisima chake cha saruji, na bombani haendi mtu. Mvua zikikatika visima vinashuka, na kufikia katikati ya kiangazi kijiji kizima kiko kwenye bomba moja.

Nilipoiona foleni ile kwa mara ya kwanza niliumia. Naapa niliumia. Ilianzia bombani, ikapita ofisi ya kijiji, ikakata kona kwenye mashine ya kusaga. Wanawake walikuwa wametoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, wamekaa chini, wamejitanda khanga mbilimbili kwa baridi. Wengine waliwakilishwa na ndoo zao, na ndoo nyingine zilikuwa mbovu, zimeletwa kushika nafasi tu. Ya mbele kabisa haikuwa na kitako wala mkono, na hakuna aliyethubutu kuisogeza. Ilikuwa ya bibi mmoja mwembamba, mkali, mpenda habari kuliko chakula, aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka ingawa nyumbani kwake maji yalitumika kidogo kuliko nyumba zote. Huyo ndiye mama yake mjomba, bibi yake mwalimu wangu.

Foleni ni bei. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza chuoni na ndilo ninaloliamini mpaka leo. Kitu kikiwa haba na usikilipie kwa fedha, utakilipia kwa kukaa chini na kungoja. Tofauti ni kwamba fedha ukiilipa kuna mtu anaipokea, lakini asubuhi ukiilipa hakuna anayeipokea, inapotea tu hewani. Nilizitazama asubuhi zile zikipotea, siku baada ya siku, kijiji kizima, nikaona huu ni wizi usio na mwizi. Wala usinidhanie vibaya, niliwahurumia kweli wale akina mama. Lakini pia sikuwa mjinga. Nilijua kijana atakayekiondolea kijiji foleni hawezi kunyimwa mke na mwenyekiti wa kamati ya maji.

Nikaomba nafasi mbele ya kamati. Nikapendekeza zamu. Kila nyumba ipewe saa yake, saa hiyo iandikwe kwenye kibao cha mbao, mwenye kibao afike kwa saa yake, achote, aondoke. Asiyeipenda saa yake abadilishane na mwenzake kwa mapatano yao wenyewe, kamati isiingilie. Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Mwenye mtoto mchanga atataka saa ya jua, muuza maandazi atataka ya mapema, watapeana, na kila saa itaishia kwa anayeihitaji zaidi bila mtu yeyote kuamuru. Nilichora mistari ubaoni kuwaonyesha. Mistari ilikutana vizuri sana.

Kamati, ambayo karibu yote ilikuwa ya wanaume, ilitikisa vichwa kwa kuridhika. Mjomba peke yake ndiye aliyeuliza swali.

"Na hao akina mama watakuwa wapi?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba watakuwa majumbani kwao, wakiendelea na kazi zao. Alinitazama kidogo, akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Hakuwepo, kikao kikafungwa.

Kazi ya vibao tulimpa mchongaji wa palepale kijijini. Nilimwagiza vipande vya kawaida, vyenye saa na namba ya nyumba, basi. Nilikuwa mgeni, sikujua kwamba mtu wa kazi ile hawezi kukukabidhi ubao mtupu akalala usingizi. Vibao vikaja na mijusi, vikaja na nyuso zenye mashavu, kimoja kikaja na mwanamke mjamzito amejitwisha ndoo. Wiki ile ya kwanza kubadilishana kulishamiri kuliko nilivyoota. Nilizunguka nyumba kwa nyumba moyo ukidunda kwa raha, mpaka nilipoelewa kwamba walikuwa wanabadilishana michongo. Mwenye mjusi alitaka uso, mwenye uso alimtaka yule mjamzito, na saa iliyoandikwa pembeni haikumhusu mtu. Muuza maandazi akajikuta ana saa ya mchana na kinyonga mzuri ajabu.

Hata hivyo mambo yalikaa sawa. Walipochoka na michongo wakaanza kutazama saa, na zamu zikashika. Bombani pakawa kimya. Anafika mama mmoja, anachota, anaondoka, baadaye anafika mwingine. Nilipenda kupita pale na pikipiki ya ofisi, nazima injini, nasikiliza maji yakiingia kwenye ndoo bila sauti ya binadamu. Nikaandika taarifa. Mkuu wangu wa idara, ambaye kwa kawaida husoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, aliisoma yote, akaipeleka mkoani. Mkoani wakajibu kwamba watakuja kukiona kwa macho kijiji kilichofuta foleni, ili na Tandahimba na Masasi wapate kujifunza. Nilinunua shati jipya.

Ila posa yangu ilikuwa imelala. Mwezi ukakatika, wa pili ukashika njia, hakuna jibu. Nikajisemea labda mjomba anangoja nimkumbushe. Nilimkuta anafyeka chini ya mikorosho yake, maana msimu ulikuwa unakaribia. Akasimamisha kazi, akalifuta panga kwa majani.

"Bado," akasema. "Wenyewe hawajakaa."

Nikamuuliza wenyewe ni akina nani, maana mimi nilidhani mwenyewe ni yeye. Akaniambia yeye ni wa kutamka. Wa kukaa ni mama yake, na dada zake, na wakubwa wengine wa kike wa ukoo ule. Wakishakaa humletea neno, naye hulitamka, ndivyo ilivyo.

"Sasa mbona hawakai, mzee?"

"Wakae wapi?" akaniuliza. "Umempa kila mtu saa yake."

Akarudi kwenye majani yake. Mimi nilibaki nimesimama na kofia ya pikipiki mkononi.

Jioni nilimweleza mwalimu. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na alipopata pumzi akanifungulia mambo ambayo alidhani nayajua. Kesi yangu ilikuwa inasikilizwa bombani tangu siku niliyokanyaga kwa baba yake. Walianza na kabila langu, wakalijadili wakalimaliza. Wakaingia kwenye kazi yangu, wakaipitisha. Wakaingia kwenye sura, hapo alisema nisimuulize. Asubuhi ya mwisho kabla ya zamu kuanza walikuwa wamefika kwenye tochi.

Nikauliza tochi imekosa nini. Akaniambia tochi haikukosa, kilichokosea ni maelezo. Mtu anayempa mama mkwe zawadi na papo hapo kumweleza itapunguza matumizi, huyo akioa atampimia mkewe unga. Palepale, kwenye uchoyo, kabla hajatokea wa kunitetea, foleni ikafutwa na kila mtu akabaki nyumbani na la mwisho alilolisikia.

"Umeifunga mahakama kwa mkono wako," akasema, "na mshitakiwa ni wewe."

Nilimwambia basi aende yeye akanisemee. Akaniuliza kama nataka kijiji kimwone ana haraka ya kuolewa. Halafu akaacha kucheka, akanipa habari aliyokuwa ameificha siku mbili tatu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa magodoro kutoka Masasi, mtu wa makamo, ana gari, ana maduka. Shangazi wa mtu huyo alikuwa ameshapita kwa mjomba na kusema neno. Mjomba alimjibu amesikia.

Hapo nilishikwa na hofu, sifichi. Nikafanya linalofanywa na afisa yeyote wa serikali anapobanwa, nikaitisha kikao. Nilimwomba mama yake mwalimu anipe ua wake, nikanunua sukari, majani ya chai, maandazi ya kutosha harusi, ili nimalize na suala la uchoyo hukohuko. Wanawake wa ukoo walikuja wote, wamevaa khanga mpya. Walikaa kwenye mikeka, wakasifu chai, wakasifu maandazi, wakanisifu na mimi, wakasema Mungu anizidishie kwa kuwapunguzia adha ya foleni. Bibi alisinzia tangu mwanzo hadi mwisho. Waliaga kwa heshima zote, na mwalimu akaniambia nisifurahi, maana wakikusifu hivyo mbele ya uso wako ujue hakuna kilichosemwa.

Ndipo akanieleza foleni ilivyokuwa ikifanya kazi. Mtu aliyekaribishwa chai hawezi kusema ukweli, atakulaje maandazi yako huku anakusema? Lakini bombani neno linadondoshwa mtu akiwa anasuuza ndoo, bila kumtazama yeyote, wala hahesabiwi kuwa amelisema. Wa pembeni analiokota, analirekebisha, analisogeza nyuma. Linafika kwenye mashine ya kusaga, linapigwa maswali, linarudi mbele. Likifika tena kwa bibi limekuwa uamuzi, na hakuna anayeweza kuulizwa nani aliamua.

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha nikiwa na ghadhabu, sijui ghadhabu juu ya nani. Nilikuwa nimesema asubuhi zile hakuna anayezipokea. Kumbe walikuwa wanapokeana wenyewe kwa wenyewe. Na hili sitalikubali mbele ya mtu, lakini nalisema hapa: hakuna mstari wowote ubaoni nilioujua mimi ambao ungelionyesha hilo.

Jambo lingine lilikuwa mbinguni. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bahari. Mvua ikishuka, mabati yanatiririka, visima vinajaa, na bombani hakuna atakayekwenda mpaka kiangazi kingine. Mimi ningengoja mwaka mzima nikiwa mchoyo. Mtu wa magodoro yeye hakuhitaji foleni, alikuwa na shangazi na gari.

Wageni wa mkoa walipangiwa siku ya Alhamisi, wakitokea Masasi ambako walikuwa wamelala. Nijuavyo wageni wa serikali, hawafiki popote kabla ya kunywa chai ya saa nne. Nikapiga hesabu kwamba asubuhi ile nina nafasi. Nilivaa koti langu juu ya shati jipya, nikabeba ndoo yangu ya kuogea, nikatembea kwa miguu mpaka bombani kukiwa bado na ukungu.

Mama aliyekuwa anasimamia bomba aliniuliza kibao changu kiko wapi. Nikamwambia sina, nimekuja kupanga foleni. Akaniambia foleni ilifutwa, tena na mimi. Nikamwambia basi mimi ndiye wa kwanza, nikaweka ndoo chini, nikasimama nyuma yake. Alinitazama kama anayepima homa kwa macho. Hakujua la kufanya, kwa hiyo akaendelea kuwafungulia wenye zamu.

Mwenye saa ya kwanza alikuja, akachota, akaniona, akatua ndoo yake chini. Akauliza Bwana Mipango ana nini. Msimamizi akamwambia hajui. Akakaa. Akaja wa pili, naye akachota, akauliza, akakaa ili apate jibu. Afisa wa wilaya aliyevaa koti, amesimama bombani na ndoo ya kuogea katikati ya wanawake, hiyo si habari ya kuachia wengine wakuletee nyumbani. Kufikia jua kuchomoza hakuna aliyekuwa ameondoka, na wengine walikuwa wanakuja kabla ya saa zao, ndoo wameziacha nyumbani. Mtu akaleta ming'oko.

Kisha akaja bibi. Hakuwa na zamu siku ile. Alikuja na ndoo yake isiyo na kitako, akanipita bila salamu, nikasema "Shikamoo bibi," akaitika huku ameangalia kwingine. Akaiweka ndoo yake mbele ya yangu, akakaa chini, akanyoosha miguu, akasema, "Enhe."

Kesi ikaanza palepale ilipokuwa imeishia. Walizungumza Kimakonde, ila kila palipokuwa na neno la kunichoma waliligeuza Kiswahili ili nisipitwe. Wakasema tochi. Wakasema unga. Mmoja akasema mikono yangu ni laini mno, mwingine akajibu ya kuandikia huwa hivyo. Mmoja akauliza nikihamishwa itakuwaje, si nitawapeleka watoto wao Singida wakasahau kwao? Nikafungua mdomo kujibu, maana jibu nilikuwa nalo.

"Nyamaza," bibi akaniambia. "Wewe hupo hapa."

Nikanyamaza. Nilisimama nikiwa sipo, na wao wakaendelea. Nilisikia nikitetewa na watu ambao sikuwahi kuwafanyia chochote. Muuza maandazi alisema ingawa nilimpa kinyonga badala ya alfajiri, nilikwenda mwenyewe mpaka kwake kumwomba radhi. Mama yake mwalimu, ambaye kwenye chai yangu hakutamka neno, alisema tochi ile haijazima hata siku moja. Mtu akauliza habari za yule wa magodoro. Mwingine akasema kwamba yule alipopita hapa hakushuka kwenye gari. Neno hilo likasogea nyuma. Nikaliona kabisa likienda, vichwa vikiinama kimoja baada ya kingine, likakata kona kwenye mashine ya kusaga.

Halikuwa limerudi bado magari yalipotokea. Hawakunywa chai Newala, wale watu. Waliinywa Masasi mapema na kupanda moja kwa moja. Mkuu wangu wa idara, aliyekuwa amekwenda kuwapokea njiani, alishuka kwanza, akitabasamu, mkono tayari umenyooshwa kuonyesha bomba lililo tupu. Tabasamu lilikaa usoni lakini macho yakatoka. Mbele yake kulikuwa na watu wengi kuliko foleni yoyote ambayo kijiji kile kiliwahi kuwa nayo, na mbele yao wote, nyuma ya ndoo isiyo na kitako, nilikuwa mimi.

Mgeni mkubwa, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alitazama mstari wote mpaka mwisho wake. Akageuka kwa mkuu wangu.

"Hii ndiyo foleni mliyoifuta?"

Mkuu wangu akanitazama. Niliona kazi inaondoka, na mwalimu anaondoka, vyote asubuhi moja, huku nimeshika ndoo. Wakati huo mama mmoja kutoka nyuma alikuwa amefika mbele, akainama sikioni kwa bibi, akasema kitu kifupi. Bibi akaitika kwa kichwa. Halafu akamgeukia mgeni, bila kuinuka.

"Foleni iko wapi, baba?" akasema. "Sisi tumekaa tu na mkwe wetu."

Mgeni akatazama chini, akaanza kukagua ndoo. Zilikuwa zimejaa, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kona. Kila aliyebeba ndoo alikuwa amechota kwa zamu yake na kuamua kukaa. Tupu zilikuwa mbili tu, yangu, na ya bibi ambayo isingeweza kujaa. Akatingisha kichwa kwa mshangao mzuri, akaomba aonyeshwe vibao, akampenda sana yule mwanamke mjamzito. Mkuu wangu alinipiga bega na kunong'ona nimpe maelezo baadaye. Mimi nilikuwa sisikii vizuri. Nilikuwa nalia, na wanawake wote waliona, na hakuna aliyejifanya hakuona.

Alasiri nilikwenda kwa mjomba. Nilimwamkia, nikakaa juu ya mfuniko wa kisima, sikuhutubia. Akamaliza kunoa panga lake. "Nimeambiwa," akasema, na siku zile mbili tatu zilizofuata mvua ikaanza.

Sasa naishi kijijini kule, kwa akina mke wangu, kama ilivyo desturi yao, na naenda ofisini kwa pikipiki. Zamu bado zipo na hesabu bado ni sahihi. Kila nyumba ina saa yake, na kila kiangazi kijiji kizima kinafika bombani alfajiri, kinachota kwa zamu, kisha kinakaa. Bibi ananiita mume wangu na kunitaka nisogee nisimzibe jua. Kazi ya kuchota maji nimeichukua mimi, na majirani wa kiume wanadhani nimerogwa. Mke wangu hunipigia simu kuuliza mbona nachelewa, uji umepoa, wanafunzi wanamngoja. Namjibu foleni ni ndefu. Ndoo yangu imejaa kitambo, ina mfuniko, nimeikalia.